Nyuki wa Baba na Lenzi Yangu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeanza likizo ya ofisi, na nimeianza kwa hasira. Picha ya kereng'ende aliyoipiga jirani yangu Kiunga bado imetundikwa kwenye ukumbi wa kanisa pale Kinoru, kubwa kama mlango. Waumini wanasimama mbele yake wakinywa chai! Mimi nasema kereng'ende yule alikuwa amekufa. Aliye hai hatulii vile. Mchungaji anasema imebaki nafasi ya picha moja, ukuta wa jikoni. Nafasi hiyo ni yangu.

Nitapiga nyuki. Si nyuki wa kuokota barabarani, bali wa mzinga wa baba, akitoka mlangoni, kila unywele uonekane. Gogo la mzinga ule baba alilichonga mwenyewe nikiwa darasa la pili. Jioni alinibeba mabegani, nikabandika sikio, akaniuliza nyuki wanasema nini. Nikamwambia wanaomba chai. Alicheka mpaka akaniteremsha. Nimemkumbuka sana leo.

Jumanne, 4 Februari

Dada yangu Gatakaa amekuja kunionya. Jumamosi tunapeleka mahari ya mwanawe Riungu huko Runyenjes, kwa kina Lydiah, mchumba wake. Baba yake Lydiah ametoa neno moja: asali iwe ya mzinga wa ukoo, si ya chupa ya dukani. Bila hiyo wazee watakunywa uji na kurudi nyumbani. Kaburu, mrina asali, atakuja Ijumaa.

"Marete, usiguse mzinga mpaka Kaburu amalize," aliniambia. "Hiyo asali si yako, ni ya mtoto."

Nimemwahidi. Lakini picha si asali.

Mchana nimepanda ngazi hadi mzinga unaponing'inia mtini. Lenzi ya macro, ya kupigia vitu vidogo, inataka uwe karibu kiasi cha kumpumulia nyuki usoni, na nyuki hapendi kupumuliwa. Nimeumwa jicho la kushoto, lile la kamera. Picha zote ni ukungu wenye miguu.

Jumatano, 5 Februari

Jicho limefumba. Natumia la kulia. Nyuki hawatulii hata kidogo! Tena waya zinazoning'iniza mzinga zimepakwa grisi, na flashi ikiwaka grisi inang'aa kama kipara cha mchungaji. Nimeipangusa yote kwa tambara na mafuta ya taa. Kisha nimepaka maji ya sukari mlangoni ili nyuki wasimame wanywe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Grisi ile baba aliipaka kila mwaka, huku akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Siku hizi huipaka Gatakaa. Sikuwahi kuuliza ni ya nini. Nilidhani ni ya kutu.

Alhamisi, 6 Februari

Siafu! Wamepanda mti, wakapita kwenye waya hadi kwenye sukari yangu, kisha ndani. Kumbe grisi ilikuwa ya kuwazuia. Nyuki walitoka wote kwa pamoja, wakauzunguka mti, wakaenda zao. Katika vurugu ile nilibonyeza tu. Nimepata picha moja safi, kila unywele unaonekana. Ni makalio ya nyuki anayeondoka.

Nimebandika sikio kwenye gogo. Kimya. Nimelia, na naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Baba alituacha zamani, lakini mzinga wake ulikuwa bado unazungumza.

Ijumaa, 7 Februari

Kaburu amefungua mzinga. Siafu hawakuacha hata tone la kulamba. Gatakaa hakunifokea. Aliketi juu ya ndoo tupu akautazama mti. Afadhali angenifokea. Riungu naye alinisalimia kwa heshima, akaniita mjomba, akapita.

Na nyuki wako wapi? Kwa Kiunga! Wameingia mzinga wake uliokuwa mtupu. Kwetu nyuki akihama ni wa mwenye mzinga alimoingia, hakuna kesi. Nilikwenda kudai hata hivyo. Nikasema wale ni wa familia. Kiunga alinisikiliza hadi mwisho, akanisogezea kiti.

"Mzee wako ndiye alinifundisha kuchonga mizinga," alisema. "Hata hiyo ya kwangu ni kazi ya mkono wake. Chukueni asali ya mzinga wangu wa juu mmpelekee mtoto. Lakini Marete, kamera iweke mpaka mvua ya Machi. Hawa wakisumbuliwa tena wataenda, na hatujui wataenda wapi."

Ni mtu mgumu kumchukia, huyu Kiunga. Hakupi nafasi.

Jumamosi, 8 Februari

Runyenjes. Baba yake Lydiah alionja, akauliza mzinga ni wa nani. Gatakaa alijibu kabla sijafungua mdomo, kwamba ni mkono wa baba yetu. Mzee akaonja tena, akawapitishia wenzake. Wamekubali! Nami nikapewa tone, nikawa tena mtoto mabegani mwa baba. Machozi yalinitoka mbele ya wakwe. Nilisingizia jicho.

Kiunga tulikuwa naye. Nilimshika mkono hadharani, nikaapa kamera haitoki sandukuni mpaka mvua inyeshe. Wazee walinipigia makofi.

Lakini kesho Kiunga anaimba kwaya, ibada zote mbili. Ua wa boma lake ni mfupi. Mlango wa mzinga wake unatazama mashariki, jua la asubuhi linauangukia vizuri kuliko ule wetu. Na wale nyuki wananijua tayari. Betri ziko kwenye chaji.