Mfalme wa Sukuma Wiki wa Bremen

Jumamosi, 6 Januari

Mto Weser haujaganda. Tena. Fundi cherehani kafika ukingoni saa sita mchana na pasi yake ya moto, kama mila ya mji inavyotaka kila mwaka, kuona kama atavuka kwa miguu juu ya barafu. Wapi. Kavushwa kwa mashua, watu wakacheka, wakapiga makofi. Nusu ya mji ilikuwepo. Mimi niliona mgongo wa Harm Oltmanns tu.

Oltmanns ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, na ni mfalme. Miaka mitatu mfululizo. Klabu yetu ya karata ina watu tisa, waume kwa wake, na kila Februari tunafanya matembezi ya sukuma wiki. Tunapimwa uzito, tunakula, tunapimwa tena. Aliyeongezeka kuliko wote ndiye mfalme. Anavalishwa utaya wa nguruwe shingoni, wenye utepe, na mwaka mzima ndiye anayeiongoza klabu kwenye kila sherehe ya mji. Anasimama mbele. Anaagiziwa wa kwanza. Leo kageuka kuniuliza kama huko nyuma naona vizuri, au niletewe kistuli.

Nimeamua. Mwaka huu utaya ni wangu. Nimemwambia mke wangu, Gesche, naye ni mwanaklabu. Kasema nina miaka hamsini na minane. Sikuona inahusiana vipi.

Ijumaa, 2 Februari

Nimepata chubwi, vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi hufunga kwenye mishipi. Mfuko mzima. Nimeshona vifuko ndani ya fulana yangu ya sufu. Gesche kauliza nashona nini. Kifungo, nikamwambia. Kasema katika miaka thelathini ya ndoa hajawahi kuniona nikishona kifungo, na akatoka akitikisa kichwa.

Jumamosi, 3 Februari

Mimi ni mfalme!

Niandike kwa mpangilio. Tumetembea tangu asubuhi kando ya mashamba, upepo wa kukata masikio, tukivuta mkokoteni wa chupa na kuongeza joto kila kona. Saa nane tukafika kwa Frauke, mwenye mkahawa, mwanamama ambaye hajawahi kudanganywa na mtu. Mizani yake kubwa ya magunia ikasimama mlangoni. Nikapimwa kwanza bila chubwi: kilo themanini na nne.

Kisha sahani zikaja. Sukuma iliyopikwa hadi ikawa nyeusi, nyama ya kuvutwa moshi, soseji ya nafaka inayochuruzika mafuta. Nilikula sahani nne kwa uaminifu kabisa. Oltmanns alikula sita huku akipiga soga. Hapo nikaenda msalani na kujaza vifuko. Nilikusudia kuweka nusu. Lakini ukishaanza, mkono unazoea.

Oltmanns kaongezeka kilo moja na robo tatu. Mimi, kilo saba.

Frauke akauliza kama napumua. Nikasema napumua vizuri. Nilipokuwa nashuka kwenye mizani chubwi moja ikadondoka, ikabingirika chini ya meza hadi miguuni kwa Frauke. Nikasema ni kifungo. Akaiokota, akaitazama, akanitazama, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akatangaza: mfalme ni Hinnerk Wessels. Oltmanns alinivulia kofia na kuniambia nina tumbo la ajabu.

Jumapili, 4 Februari

Siwezi kuinuka. Gesche kanikumbusha kwamba mfalme ndiye anayeandaa kila kitu mwaka mzima: ratiba, meza, tiketi, na matembezi ya mwakani. Nimemwambia hayo ni mambo madogo. Naandika nimelala, utaya kifuani.

Jumapili, 7 Aprili

Siku ya mwisho ya tamasha la Pasaka uwanjani. Nimewapandisha wenzangu wote wanane kwenye gurudumu kubwa la bembea, nikakaa kiti cha mbele. Juu kule mji wote ulikuwa chini yangu: minara miwili ya kanisa kuu, mto, mabanda. Oltmanns alikuwa kafumba macho. Anaogopa urefu! Miaka mitatu katutawala na hajatupandisha hata mara moja. Sasa najua kwa nini.

Baadaye tukaenda kwenye sanamu ya wale wanyama wanne wa hadithi ya mji wetu, punda chini na wengine mgongoni mwake, tupige picha. Unashika miguu ya punda kwa mikono miwili, unaomba lako. Mimi mkono mmoja ulikuwa umeshika utaya, usipeperuke. Nikashika kwa mkono mmoja. Kila mtoto wa Bremen anajua maana yake: punda anampa mkono punda mwenzake. Wapita njia walicheka hadi kushikana mabega. Oltmanns akaniuliza kama, kwa kuwa punda ni ndugu yangu, nimeshamsalimia shangazi pia.

Picha imebandikwa ukutani kwa Frauke. Ndiyo kubwa kuliko zote. Ya Oltmanns haijawahi kufika ukubwa huo.

Jumamosi, 6 Julai

Tamasha la muziki ukingoni. Nilifika saa tatu asubuhi na mablanketi sita, nikatwaa nafasi bora kabisa. Saa nane mvua. Wote wakaja kujibana chini ya turubai langu, miguu ya Oltmanns mapajani mwangu, Gesche akiimba nyimbo asizozijua maneno. Kasema hajacheka hivi tangu tulipokuwa wachumba. Nimeandika kwenye kumbukumbu za utawala: turubai, wazo langu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Maandamano ya Freimarkt, sherehe kubwa ya mji wetu ya kila Oktoba. Sijui nianzie wapi. Klabu nzima ilivaa majani ya sukuma ya kitambaa, kazi ya wiki tano sebuleni kwangu, na mimi kwenye kiti cha enzi juu ya mkokoteni. Maelfu barabarani. Niliwarushia peremende. Mwanamke mmoja kaniita Mfalme! Bila kufundishwa.

Oltmanns alikuwa kwenye kamba, anavuta, jani limemwangukia jicho. Tulipofika uwanja wa soko akasimama kuhema, akaniambia kuwa yeye katika miaka yake mitatu alituongoza tu, ila mimi nimewafurahisha. Nikamrushia peremende.

Kisha akaongeza kwamba nijiandae, maana Februari anaurudisha utaya nyumbani. Ameanza mazoezi. Sahani nane sasa. Tangu hapo sina raha. Sikudhani ningeupenda ufalme kiasi hiki.

Jumatano, 11 Desemba

Soko la Krismasi. Nilikuwa nawagawia wenzangu vikombe vya mvinyo wa moto, nina furaha zangu, Frauke akanivuta kando ya banda la lozi. Akaninyoshea kiganja. Chubwi yangu. Akaniambia, haya baba, kifungo chako.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Akasema wote, tangu siku ile ile, mtu gani anakula kilo saba akabaki hai? Walinyamaza kwa sababu ya kunicheka, halafu wakaendelea kunyamaza kwa sababu mwaka ulikuwa mtamu. Mizani kaiuza. Safari hii mtapiga kura. Akanishika ukosi: Hinnerk, kwa mara moja tu maishani mwako, usifanye lolote. Kaa tu.

Nimemwahidi.

Jumamosi, 1 Februari

Matembezi yalienda vizuri sana. Niliyaandaa mimi. Baada ya kula, sufuria tupu ya sukuma ikapitishwa mezani, kila mtu akatumbukiza karatasi yake. Oltmanns alikula sahani nane na hakuna aliyemhesabia, maskini.

Frauke akasoma. Hinnerk. Hinnerk. Hinnerk. Kufikia ya sita macho yalikuwa yamenilowa. Ya saba ilikuwa na mwandiko wa Oltmanns: Hinnerk, huyu mwizi. Ya nane ya Gesche. Ya tisa yangu. Watu wakasimama, wakapiga makofi, wakagonga meza. Hakuna siku nimependwa hivyo.

Mkono wa Frauke ukarudi kwenye sufuria.

Ya kumi: Hinnerk. Ya kumi na moja: Hinnerk, imeandikwa kwa mkono wa kushoto.

Makofi yakakatika. Frauke akahesabu vichwa. Tisa. Akahesabu tena, polepole, akiniangalia mimi tu. Gesche kaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini, na wote walikuwa wananitaka. Nikamwambia ningejuaje? Oltmanns ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akatafuta kiti. Kisha akachukua utaya, akanivalisha kwa mikono yake, akasema tisa zinatosha.

Gesche amelala. Naweka hapa matokeo kamili, kwa kumbukumbu: wapiga kura tisa, kura kumi na moja, mpinzani hakuna. Ushindi wa aina hii haujawahi kuonekana klabuni. Mwakani nalenga kumi na tano.