Ubora wa Elimu ya Juu Wafikia Asilimia Tisini na Saba

Nina heshima ya kuutangazia umma kwamba mwaka 1996 ubora wa elimu ya juu katika chuo chetu, nje kidogo ya mji wa Garissa, ulifikia asilimia tisini na saba. Mimi nilikuwa Naibu Msajili. Takwimu hiyo niliiandika kwa mkono wangu.

Tuliwahoji viongozi wanne na wahadhiri kumi na wawili. Viongozi walisema elimu yetu ni bora kupindukia. Wahadhiri walisema haipo. Mkuu wa Chuo, Daktari Keinan, alisuluhisha tofauti hiyo kitaalamu: aliwafuta wahadhiri kwenye hesabu.

“Hata mimi, Mkuu?” akauliza Bi Nimo, mhadhiri wa kemia. “Nafundisha watu hamsini kwa kitabu kimoja, nacho hakina jalada.”

“Maalim, wewe uko karibu mno na darasa. Ubora huonekana kwa mbali.”

“Wallahi, hata nikisogea mpaka Habaswein siuoni.”

Nikaandika: wahadhiri wana matatizo ya macho.

Ripoti yetu ilithibitisha kwamba ubora wote hutokana na viongozi. Tukaituma Nairobi, tukachinja mbuzi.

Jibu lilikuja upesi. Wakubwa walifurahi mno. Kwa kuwa ubora unatokana na viongozi, waliagiza, viongozi waingie madarasani mara moja, wanafunzi wafaidike. Wahadhiri washike ofisi.

Jumatatu Daktari Keinan aliingia darasa la kemia na suti yake. Akaandika ubaoni KEMIA. Akapiga mstari chini yake. Baada ya kutafakari, akapiga wa pili.

Mwanafunzi mmoja, Barni, akainua mkono. “Maalim, kisima chetu kule Mandera kina chumvi. Watoto wanaharisha. Tunaitoaje?”

“Suala hilo litaundiwa kamati.”

“Kamati inatoa chumvi?”

Darasa zima likacheka. Barni hakucheka, alikuwa ameshika kalamu, anangoja. Mkuu akatoka nje kushauriana.

Nilimkuta anabisha hodi kwenye ofisi yake mwenyewe.

“Maalim Nimo,” alisema taratibu, “chumvi inatolewaje majini?”

Bi Nimo alichukua sufuria na jiko la mkaa, akaenda darasani, akaanza kueleza jinsi ya kuchemsha maji na kunasa mvuke wake. Mkuu akaketi kando ya Barni, akaazima karatasi.

Sasa, kanuni ziko wazi: asiyesajiliwa haruhusiwi kukaa darasani. Nikafungua rejista, nikamwandikisha Mkuu mwaka wa kwanza.