Panga la Amu Mwadime

Leo nimeaibika, tena mbele ya maiti. Wenzangu wa gereji, msiniulize kiganja kimefungwa kwa nini. Nisikilizeni tu.

Mnajua nilikwenda Werugha kumzika amu yangu Mwadime, mdogo wa baba. Huyu ndiye aliyecheza panga siku ya Uhuru mpaka wakubwa wakasahau hotuba. Alikuwa akilirusha, linazunguka hewani, analidaka nyuma ya mgongo bila kuangalia. Katika ukoo wetu, mchezaji akifa, panga lake huchezwa kaburini kabla ya udongo. Atakayelicheza ndiye atakayelirithi.

Amu hakuzaa mwana wa kiume. Ana Wakesho peke yake, na Wakesho amelicheza panga hilo uani na babake tangu utoto. Wazee wakasema hapana, atafutwe mwanamume. Nani akajitokeza? Mimi. (Na suruali yangu mpya ya bugaluu.)

Asubuhi nikalichukua. Lina kutu, mpini umezongwa kitambaa cheusi kwa jasho la miaka. Wageni watasema nini? Nikakikata kitambaa, nikakitupa motoni. Nikalipaka grisi niliyotoka nayo huku Voi, kuanzia ncha hadi mpini. Likang'aa! Wakesho akalishika, kisha akafuta vidole kwenye leso.

"Kaka, kitambaa kiko wapi?"

"Nimechoma. Kilikuwa kinanuka."

"Hicho ndicho kilikuwa kinashika mkono wa baba."

"Dada, mambo ya panga niachie mimi."

Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

Jeneza likateremshwa. Ngoma ikalia. Nikaingia! Nikapiga mguu, nikazungusha kulia, kushoto, kina mama wakanishangilia. Jamani, nikajiona amu mwenyewe! Basi nikalirusha. (Nani alinituma?) Likapanda vizuri. Likashuka, nikalidaka, likanichana kiganja na kuniponyoka kama sabuni. Mzee wa kanisa akajitupa kwenye matuta ya viazi kando ya kaburi, yeye na Biblia yake. Kisha, ko! Panga limesimama wima juu ya jeneza.

Ngoma ikanyamaza. Mama mdogo, mjane wa amu, alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Nikataka kuingia kaburini nilitoe. Mguu mmoja ulikuwa umeshatangulia, shemeji yangu mmoja akanivuta kwa mshipi, bugaluu likapasuka nyuma. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Liacheni," mama mdogo akasema. "Kilichoingia humo ni chake. Na wewe, mwanangu, ondoka hapo."

Kitu pekee cha babake ambacho Wakesho alistahili kubaki nacho, nimekizika mimi. Nilitamani ardhi inimeze, na shimo lilikuwa tayari hapo mbele yangu.

Ndipo Wakesho akaja mbele, mkono mtupu. Akainua kiganja, akazunguka, akarusha pasipo kitu, akadaka nyuma ya mgongo bila kuangalia. Mpiga ngoma akamfuata. Wazee wale wale waliomkataa wakavua kofia. Nilimwona amu kabisa, nikalia kwa sauti, huku nimeishika suruali nyuma kwa mikono yote miwili.

Anayetaka kucheka acheke. Ila kesho hapa gereji, asije mtu akaniambia, "Hebu nipitishie grisi."