Sahihi ya Anayekabidhi

Siku Mwalimu Benedict Ngusa alipokosekana kazini kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, Idara ya Makabidhiano na Mwendelezo wa Madaraka haikulala. Ilimwandikia barua ya utoro siku hiyohiyo, kabla ya chai ya saa nne. Kasi hiyo ilipongezwa katika vikao viwili, kwa kuwa kwa kawaida barua ya idara hiyo huchukua wiki tatu kutoka meza moja hadi meza ya jirani.

Ilikuwa Jumanne. Shule ya Sekondari Nyamilongo, nje kidogo ya machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, ilisimama mstarini kama kawaida, ikaimba wimbo wa taifa kama kawaida, ikamsubiri mkuu wa shule. Makamu wake, Mwalimu Mektilda, ndiye aliyetoka mbele akawaambia wanafunzi kwamba Mwalimu Benedict amefariki alfajiri, nyumbani kwake, akiwa anafunga kamba za viatu. Alisema sentensi hiyo moja, akarudi ofisini, akafunga mlango. Alikuwa amefanya kazi na mtu yule miaka tisa.

Barua ya utoro ilimtaka mkuu wa shule ajieleze ndani ya siku saba. Hakujieleza. Hilo likaingizwa kwenye jalada lake kama kosa la pili.

Wiki mbili baada ya mazishi, Mektilda akateuliwa kuwa mkuu wa shule. Barua ya uteuzi ilikuwa na aya tano za pongezi, na aya ya sita iliyosema kwamba ataanza kazi mara tu Fomu MK 7 itakapokamilika. Chini ya fomu hiyo palikuwa na nafasi mbili: sahihi ya anayepokea ofisi, na sahihi ya anayekabidhi.

Mektilda alisaini pake. Pale pengine alipatazama kwa muda. Sahihi iliyotakiwa aliijua, B kubwa yenye tumbo na mstari uliokimbia kama mtu anayewahi basi. Akaikunja fomu, akapanda bodaboda, akaenda kumwona Bwana Gregory Eustace, Mratibu wa Idara, mtu mwenye kalamu nne mfukoni na kila moja na kazi yake.

"Pole sana na msiba, Madam," alisema Mratibu. "Fomu umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

Akaisoma mbele, akaisoma nyuma ambako hapakuwa na kitu. "Hapa hajasaini."

"Amefariki, Mratibu."

"Taarifa hiyo tunayo. Ninachouliza ni kwa nini hajasaini."

"Ndiyo sababu yenyewe."

"Madam, kufariki ni sababu ya kifamilia. Hapa tunazungumza mambo ya ofisi." Akavua miwani kwa upole. "Mtumishi makini hukabidhi kwanza, mengine yakafuata. Sasa angalia alivyokuacha."

Mektilda aliangalia alivyoachwa. Kisha akaeleza shida iliyomleta. Usajili wa mtihani wa Kidato cha Nne ulikuwa unafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Watahiniwa walikuwa themanini na watatu. Fomu zao zilitaka sahihi ya mkuu wa shule na muhuri, na muhuri ulikuwa kabatini mwa Idara, umefungiwa.

"Umehifadhiwa," alirekebisha Mratibu.

"Ukiendelea kuhifadhiwa, watoto themanini na watatu hawafanyi mtihani."

"Ndiyo maana tunaharakisha."

"Basi nikaimu tu, mpaka mambo yakae sawa."

"Kukaimu kunaombwa na mkuu wa shule mwenyewe, kwa maandishi." Mratibu alichukua kalamu ya tatu, ile ya maamuzi. "Lakini Idara haishindwi. Kama anayekabidhi hawezi kuja kwenye makabidhiano, makabidhiano yatamfuata alipo. Jumatatu, saa nne. Mwambie mwenyeji wake asihangaike sana na chai. Maandazi yatatosha."

Hivyo ndivyo ilivyoundwa Kamati Maalumu ya Kumfikia Anayekabidhi.

Jumatatu ilikuja na gari moja, watu watano na tepu ya kupimia. Mwalimu Benedict alikuwa amezikwa nyumbani, nyuma ya nyumba, kando ya mihogo, na msalaba wake ulikuwa bado wa mbao. Mjane wake, Mama Hosiana, aliwapokea kwa adabu zote kwa sababu alidhani wamekuja kuhani. Akawapa viti. Akaketi mkekani, Mektilda pembeni yake.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia Mratibu, ambaye Kisukuma chake kiliishia hapo. Kisha akafungua jalada.

Kwanza walipima kaburi, urefu na upana, maana fomu ilikuwa na kipengele kinachosema "mahali anapopatikana kwa sasa". Kina walikiuliza.

"Futi sita," alisema Mama Hosiana, akianza kuwaangalia vizuri.

Kisha Mratibu akasimama upande wa kichwani, akasoma orodha ya mali za shule kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Viti arobaini, kimoja hakina mguu. Darubini moja, haijawahi kutolewa kwenye boksi. Rimu la tairi la lori linalotumika kama kengele. Majembe kumi na moja. Ramani ya Afrika, imeliwa na panya kuanzia Chad kwenda juu. Alipofika mwisho alifunga jalada.

"Kama anayekabidhi ana pingamizi na orodha hii, aseme."

Wakasubiri dakika nzima kwa saa ya Mratibu. Kuku mmoja alipita.

"Andika," Mratibu alimwambia mwandishi wa kamati. "Hana pingamizi."

Mektilda aliinamisha uso. Alikuwa akikumbuka kwamba Mwalimu Benedict, alipokuwa hai, hakuwahi kukubali orodha ile bila kubishania majembe, akisisitiza kuwa ni tisa.

"Imebaki sahihi," alisema Mratibu.

"Mnataka asaini?" aliuliza Mama Hosiana.

"Au dole gumba, Mama. Idara haibagui."

Mama Hosiana alijifunga khanga upya, kiunoni, taratibu. "Basi mchimbeni. Mmefika Nyarugusu, huku hata mtoto anayenyonya anajua kuchimba. Mnamwona yule pale uani kwa jirani? Masudi, ana sululu yake. Mwiteni."

"Wazo la Mama ni zuri," Mratibu alimwambia mwandishi, "ila uchimbaji una kibali chake, na kibali si cha Idara yetu. Andika: limepokelewa."

Ili safari isionekane ya bure, kamati ilichota udongo wa pale kaburini, kama kilo mbili, ikautia kwenye kiroba, ikakifunga kwa lakiri na kukiandika "Kielelezo cha Kufika". Mtu mmoja alikipakata garini kama mtoto. Wakaondoka. Maandazi walikuwa wamekula yote.

Sasa, katika nchi nyingine, watu watano wa serikali wanaopima ardhi kwa tepu, wakachota udongo, wakaufunga kwa lakiri na kuondoka nao haraka, wangeweza kuwa na maana mbalimbali. Nyarugusu wana maana moja.

"Madam, shikamoo," alisema Masudi akichungulia juu ya ua wa jirani, kabla vumbi la gari halijatua. Masudi alikuwa mchimbaji kutoka Kigoma, mwaka wa saba hapo, na hakuwa mtu wa kuchelewa. "Wamepata?"

"Marahaba. Wamepata nini?"

"Usinifiche, Madam. Sampuli imeondoka na lakiri."

"Walikuwa wanatafuta sahihi ya marehemu."

Masudi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwalimu wake mzuri akikosea hesabu ndogo. "Madam. Wewe ni mtu mzima. Sahihi inatafutwa kaburini?"

Saa saba mchana walikuwa watu thelathini uani kwa Mama Hosiana. Saa nane walikuwa mia moja na ushirini, na sululu, na ndoo, na mwanamke mmoja alishaweka jiko la mihogo ya kukaanga. Neno lilikuwa limeshafika mpaka Bugarama: rashi, dhahabu imeonekana, kwa mwalimu.

Mektilda alisimama mbele ya kaburi. Sauti aliyotoa ilikuwa ile ya mstarini.

"Hapa hachimbi mtu."

"Madam, kaburi hatuligusi!" alisema Masudi, akionekana kuumia kabisa. "Huyu mzee alimfundisha binti yangu, karo alinisubiri mwaka mzima. Mtu akigusa hapa, mimi namgeukia mwenyewe. Tunachouliza ni mwamba unaelekea wapi."

"Mimi sijui habari za mwamba. Ninachojua, udongo wameupeleka ofisini kwao."

Ulikuwa ukweli mtupu, na safari hii ukaaminiwa.

Ofisini, Idara ilikuwa ikifuata mwongozo. Mwongozo unasema kielelezo chenye unyevu kianikwe mahali pa wazi, chini ya ulinzi. Basi ule udongo ulikuwa umemwagwa juu ya bati uani, umezungushiwa kamba, na mgambo wawili wenye virungu wamesimama kila upande. Umati ulipofika na kuona chungu ya udongo inalindwa na mgambo wawili, maswali yaliyokuwa yamebaki yakaisha.

Mratibu alitoka barazani. "Wananchi! Hapa hakuna dhahabu!"

"Umesikia?" Masudi alimwambia jirani yake. "Mkubwa akisema hakuna, ujue ni nyingi."

"Narudia! Ni udongo wa kaburini tu!"

"Na anaona aibu," alisema jirani.

Mgambo wale wawili ndio waliokuwa wa kwanza kuchukua duara, yaani shimo lao la kuchimba. Kufikia Jumanne jioni mashimo yalikuwa kumi na moja, yamekatwa vizuri, yana miti ya kuzuia kuta. Kufikia Jumatano moja lilikuwa limepita chini ya masjala, na Idara ilikuwa ikifanya kazi huku ikisikia nyundo chini ya miguu. Mratibu aliandika barua kali tatu. Mpeleka barua alirudi nazo, maana njia ilikuwa imechimbwa. Usiku huo mvua ikanyesha, na asubuhi ukuta wa mashariki wa Ofisi ya Makabidhiano ukajikabidhi wenyewe kwenye shimo namba nne. Hakuumia mtu. Dhahabu haikuonekana hata chembe, wachimbaji wakafungasha na kwenda zao, kwa sababu mchimbaji hamlaumu mtu kwa shimo kavu.

Alhamisi saa tano, mvua ikiwa imerudi, Mektilda alimwona Mratibu akivuka kiwanja cha mpira na jalada kichwani. Nyuma yake ilikuja Idara yote, watu kumi na mmoja, na trekta lililobeba makabati.

Mektilda alikuwa mezani pake, meza ileile ya umakamu karibu na mlango. Kiti cha mkuu wa shule kilikuwa bado na mtu, kiutaratibu.

"Madam," alisema Mratibu, maji yakimtiririka kwenye kalamu zote nne, "tumeelekezwa tujihifadhi kwenye jengo lenu la maabara ambalo halijakamilika. Naomba ufunguo."

"Karibu sana, Mratibu. Pole na mvua. Kuna fomu."

"Fomu ipi?"

"Yenu. MK 4, Ombi la Kutumia Majengo ya Shule." Akaitoa kwenye mtoto wa meza, ilikuwa kavu kabisa. "Inasainiwa na mkuu wa shule."

"Basi saini."

"Mimi? Mkuu wa shule ni Mwalimu Benedict. Mlikuwa naye Jumatatu."

Nje, kabati moja lilianguka kutoka kwenye trekta, na jalada la mwaka elfu mbili na kumi likaanza safari kuelekea bondeni.

"Madam, kuna majalada elfu nne yanalowa!"

"Naona. Na mimi nina watoto themanini na watatu, usajili unafungwa kesho." Sauti yake haikupanda. "Nisingependa kuvunja utaratibu, Mratibu. Ulinieleza vizuri sana."

Mratibu alitazama nje. Alitazama fomu. Kisha akaomba MK 7, akachagua kalamu moja ambayo bado iliandika, na pale kwenye nafasi ya anayekabidhi akaandika kwa mkono wake: *k.n.y. Benedict Ngusa.* Kwa niaba ya. Akasaini.

"Kumbe inaruhusiwa?" aliuliza Mektilda.

"Siku zote," alisema Mratibu. "Tunaepuka tu kuizoesha." Muhuri ulikuwa mfukoni mwake, umefungwa kwenye leso. Akautua mezani.

Mektilda aliisoma ile sahihi. Haikuwa na tumbo wala haikuwahi basi. Akasubiri kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kupinga. Kisha akaupiga muhuri MK 4, akatoa ufunguo, na akampa Mratibu karatasi ya pili.

"Hii nini tena?"

"Masharti ya MK 4. Wanaotumia majengo ya shule watafuata ratiba ya shule. Mliandika wenyewe, kifungu cha tisa. Mstarini ni saa moja na nusu. Wanaochelewa wanafagia."

Fomu themanini na tatu zilifika mjini Ijumaa saa tisa alasiri, zikapokelewa.

Idara ipo maabara hadi leo, ikisubiri kujengewa. Kila asubuhi maofisa kumi na mmoja husimama nyuma ya Kidato cha Kwanza. Mratibu amefagia mara nne, na anaambiwa na wanafunzi kwamba pembeni hafiki vizuri.

Kipindi cha kwanza cha Jumatatu, Historia, Kidato cha Tatu, kilikuwa cha Mwalimu Benedict. Mwalimu mwingine wa Historia hajaletwa. Anafundisha Mektilda.