Malalamiko Kuhusu Mgawo wa Uvimbe Katika Nyumba ya Wake Wawili

Tandale, Dar es Salaam
Novemba 1994

Kwa Dakta Elinaza,
Mkuu wa Maabara,
Mradi wa Maumivu ya Viungo.

Asalaam aleikum, na kwa kuwa jina lako ni la Kikristo, Bwana asifiwe vilevile.

Mimi ni Mwanabaraka binti Jabiri, mke mkubwa wa Mzee Marijani, aliyekuwa fundi kiwandani kabla wafanyakazi hawajapunguzwa na sasa anauza mitumba. Mke mwenzangu ni Hija, ambaye ana mtoto mchanga. Sote wawili tunaumwa viungo, na sote tulitoa damu kwenye mradi wako. Kisomo changu cha watu wazima nilikipata kwa taabu, hivyo naomba barua hii isomwe mpaka chini.

1. Siku ya kutoa damu sina neno nayo. Tulikuja tumevaa kanga za aina moja, kama mume wetu anavyotununulia. Kila mmoja alichomwa sindano moja akapewa soda moja, na hata soda zilikuwa za rangi moja. Nilisema moyoni, hawa watu wanajua haki.

2. Kisha majibu ya kipimo cha uvimbe yakaja. Hija themanini na nne, mimi kumi na moja. Mzee Marijani aliyasoma kibarazani kwa sauti, majirani wakisikia. Dakta, mimi niliolewa kabla yake. Katika nyumba yetu Hija hajawahi kupewa kitu chochote kinachozidi changu mara saba.

3. Matokeo yake nayaona kila siku. Feni ya meza imehamia chumbani kwake, ingawa kwa mgawo huu wa umeme haizunguki. Maji hachoti. Mume wetu, hata katika zamu yangu, yuko kwake anamkanda vidole. Wanawake wa mtaani wanaupita mlango wangu bila hodi, wanakwenda kumpa pole yeye, na wakitoka wananitazama kama mtu aliyefeli mtihani. Juzi jirani yetu Benedicta, muuza mchicha, alinibebesha gunia lake kwa hoja kwamba mwenye kumi na moja hana cha kulalamikia. Nililibeba, maana sikuwa na namba ya kujitetea.

4. Nilikuja maabara kutaka maelezo, na mpimaji wenu, Bi Filomena, alinieleza vizuri sana. Damu inaachwa itulie mpaka maji yake yajitenge juu. Maji hayo yanatiwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, mfano wa chuma cha vitumbua. Ndani ya kila kishimo mmebandika kitu cha kunasia, nacho kinanasa kitu kimoja tu, kile ambacho mwili hukitoa kuuita uvimbe. Vingine vyote vinaoshwa na kumwagwa. Kisha mnatia rangi. Kilichonaswa kikiwa kingi, rangi inakolea, na mashine inaisoma. Sipingi hata kidogo. Lakini Bi Filomena aliongeza jambo ambalo ndilo msingi wa barua hii: damu ya kila mtu mnaitia katika vishimo viwili, halafu mnajumlisha na kugawa kwa mbili.

Basi kumbe kugawa mnajua! Mimi na Hija ni vishimo viwili vya sahani moja. Themanini na nne ukijumlisha na kumi na moja ni tisini na tano. Kila mmoja aandikiwe arobaini na saba na nusu. Kama nusu inaisumbua mashine, mpeni yeye arobaini na saba na mimi arobaini na nane, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

5. Mkishindwa hilo, changanyeni damu zetu katika chupa moja ndipo mpime.

6. Mkishindwa na hilo pia, nitaiomba serikali izuie maabara yoyote kupima wake wenza pasipo kadhi kuwapo. Mume ameamriwa na dini kufanya usawa kati ya wake zake, na sioni kwa nini mashine iachiwe ifanye itakavyo. Wake wenza wa Tandale ni wengi, na habari hii ikiwafikia mtakosa pa kupita na sindano zenu.

Natumaini utalishughulikia jambo hili kwa uadilifu uleule mliouonyesha kwenye soda. Nisalimie Bi Filomena, mlinzi wa getini, na wote wanaoosha vishimo. Mzee Marijani naye anakusalimu, ingawa hajui kuwa nimeandika.

Mlalamikaji wako, niliyepungukiwa na uvimbe,
Mwanabaraka binti Jabiri

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha, Hija akaniita. Alitaka kumnyonyesha mtoto na mikono imekataa kumbeba. Vidole vimevimba, havikunjiki wala havikunjuki. Nimemshikia mtoto kifuani pake mpaka akashiba. Hija alikuwa analia kwa aibu, na mie nikalia naye. Naogopa, Dakta. Yote niliyoandika hapo juu yafute, kumi na moja yangu inanitosha. Leteni gari la mradi leo hii, na dawa yoyote mliyonayo, hata ile mliyoniandikia mie, mpeni yeye yote.