Jiko Kuu Linazinduliwa Leo

Mheshimiwa Mweka Hazina Mstaafu wa Ghala la Mapishi ya Programu za Kompyuta la Manitoba. Mheshimiwa Mweka Hazina aliye madarakani, ambaye amekwama mjini Brandon kwa theluji lakini roho yake iko nasi. Waheshimiwa wa Kamati ya Uongozi, wa Kamati ya Kuiangalia Kamati ya Uongozi, na wa Kikosi Kazi cha Kutafuta Jina la Kikosi Kazi. Waheshimiwa watunza mapishi wa ngazi zote, wenye funguo za Ghala na wasio na funguo. Wadau wetu wa maendeleo, hasa klabu hii ya kerling, mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, iliyotuazima ukumbi wake wa chini hadi saa kumi. Wake zetu na waume zetu waliobaki nyumbani wakitusubiri kwa uvumilivu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Haijazingatiwa. Mimi niliyebandika kahawa na kukaanga pierogi, yale maandazi ya viazi, tangu asubuhi sijatajwa. Mabano yote humu ni yangu mimi, Doreen Friesen, katibu. Nimeagizwa kuandika kila neno la Mwenyekiti pamoja na "hisia za wajumbe". Haya, nitaziandika.)

Kwa wale wachache wasionifahamu, kama wapo, mimi ni Gordon Hryniuk, Mwenyekiti wa Ghala hili kwa kipindi cha tano mfululizo, na si kwamba nimeng'ang'ania kiti, la hasha, ila kila uchaguzi ukiwadia ninyi nyote hutazama viatu vyenu. (Kicheko. Hapo kasema kweli.)

Ndugu wajumbe, tusisahau tulikotoka. Maghala mengine huwapa watu wao programu zilizokwishapikwa, zimefungwa, zimetiwa muhuri, mtu anakula asichokijua. Sisi tulikataa utumwa huo. Sisi tunampa mwananchi pishi: chanzo cha programu kinachotwa pale, kinahitaji viungo hivi na hivi, kinachemshwa namna hii, kisha mwananchi mwenyewe, kwenye kompyuta yake mwenyewe, anapika, huku akiona kwa macho yake kila kinachoingia chunguni. (Sauti ya mtu nyuma: "Na anasubiri mpaka anaota mvi!" Kicheko kikubwa.) Nimesikia, na nasema mvi ni hekima.

Chini ya Mpango Mkakati Shirikishi wa Mageuzi ya Kimfumo katika Uendelevu wa Mapishi, ambao niliuandika mwenyewe, nikaupitisha mwenyewe na nikajipongeza mwenyewe kwa niaba yenu, tumeshuhudia mafanikio ambayo wataalamu wa nje, kama wangealikwa, wangeshangaa. Nilipoingia madarakani, mapishi mengi yalikuwa hayapikiki. Leo, waheshimiwa, asilimia mia moja ya mapishi yetu yanapikika! (Makofi ya watu wawili.) Mtauliza tumefikaje hapo. Tumefika kwa Operesheni Ufagio, ambapo pishi lolote lisilopikika linafutwa, na likishafutwa haliwezi tena kushindwa kupikika. (Sauti ileile: "Hata mimi nikiwafukuza watoto wote walioanguka, shule yangu itafaulu!") Naomba walinzi wa ukumbi wamtambue huyo bwana. (Hatuna walinzi.)

Lakini Ufagio bila jiko ni vumbi tu. Ndiyo maana leo, kwa heshima na taadhima, natangaza kukamilika kwa mradi ambao nimeuahidi katika mikutano yetu yote: Jiko Kuu! (Watu wanaamka.) Jiko Kuu ni jengo la kisasa, mahali pa siri kwa sababu za kiusalama, lenye safu kwa safu za kompyuta ambazo kila usiku zinafutwa zote, zinabaki tupu kama zilivyotoka kiwandani, kisha zinapika kila pishi la Ghala kuanzia mwanzo. Kwa nini tupu? Niwaelimishe. Ukipika nyumbani kwako, chumvi iko kabatini tangu zamani, unaitia bila kufikiri, na pishi likisahau kutaja chumvi hutajua asilani. Mwenzako asiye na chumvi akipika, analia. Ugonjwa huo umetutesa miaka mingi. Mtu analeta malalamiko, na mtunza pishi anamjibu kwa yale maneno matatu ya aibu: kwangu inafanya kazi. Kuanzia leo, maneno hayo ni marufuku! (Makofi marefu, ya kweli. Hata mimi nilipiga.)

Naona mkono. Sipokei maswali kwa sasa. Naona mkono bado uko juu. Ni Bwana Lorne Chartrand. Karibu, Bwana Chartrand, lakini kwa ufupi, maana na mimi nina mengi.

(Lorne alisimama, fimbo yake nyeupe mkononi. Kwa asiyemjua, yeye haoni, na ndiye anayepanga magari katika kampuni moja ndogo ya teksi upande wa Saint Boniface. Kompyuta inamsomea kwa sauti kila kilicho kwenye kioo. Alisema hivi: "Mwenyekiti, Jumatatu kazini wananiondolea kompyuta ya zamani. Nimepewa mpya, hii hapa, tupu kabisa. Pishi la programu ya kunisomea limekataa kupikika. Nimewaandikia, nikaandika tena. Wewe mwenyewe ndiye mtunzaji wake. Ulinijibu nini?" Ukumbi: "Sema, Lorne!" Lorne: "Alinijibu, kwangu inafanya kazi." Zomeazomea. Mtu: "We Gordon, aibu hiyo!")

Utulivu! Utulivu, waheshimiwa! Jibu lile lilitolewa kabla ya marufuku, na sheria hairudi nyuma.

(Lorne: "Kesho milango ya Ghala inafungwa, na mkishafunga hakuna anayegusa pishi mpaka kiangazi. Mimi Jumatatu nisiposikia kioo, nafanya kazi gani? Bosi kashaniambia atamweka mtu mwenye macho." Hapo hakuna aliyecheka. Nami nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini.)

Bwana Chartrand, ofisi yangu inakuhurumia kimfumo. Wasioona wamepewa kipaumbele cha juu katika sura ya tisa ya Mpango Mkakati, ambayo itaandikwa. Tena jana, kwa moyo wa ujumuishi, nilikutumia hotuba yangu yote kwa barua pepe, uwe wa kwanza kuifaidi. (Lorne: "Nitaifaidi na nini, Gordon?") Jambo dogo. Desturi ya Ghala letu yasema kabla ya milango kufungwa mjumbe yeyote anaweza kudai pishi lake lipikwe hadharani. Basi tulipike! Mnaona kioo hiki kilicho mezani pangu? Hiki si kompyuta. Hiki ni dirisha tu, linalotazama ndani ya Jiko Kuu, huko mbali. Nabonyeza hapa. Tazameni! Linachota chanzo. Linachemka. Linaandika mistari. Na, waheshimiwa, limeiva! Programu ya kusomea imepikika katika Jiko Kuu bila dosari! Tatizo, Bwana Chartrand, kwa mujibu wa ushahidi wa kisayansi, liko kwako.

(Wakati huohuo nilikuwa nimeenda kukaa na Lorne, nikaandika amri ileile kwenye kompyuta yake. Ilichemka kidogo ikafa. Lorne hakuuliza. Alisikia nilivyoguna, akasema, "Basi," akaanza kutafuta koti lake. Roho iliniuma, siwezi kuficha.)

Tukiendelea na suala la paradaimu mpya ya utawala bora, napenda kusema kwamba

(Hapa kioo cha Mwenyekiti kilipiga tarumbeta. Sauti ya mwanamke mchangamfu ikatoka: "Hongera! Karata zako zinakusubiri!")

Hiyo ni kengele ya ubora. Jiko Kuu hupiga kengele kila pishi linapofaulu.

(Mtu: "Kengele inasema karata?") Inasema kadhalika. Umesikia vibaya.

(Mimi nilikuwa nimesikia vizuri sana. Nilisimama nikauliza, "Gordon, hilo jiko lako linalofutwa kila usiku, tarumbeta limeipigia nini?" Akasema niheshimu kiti. Nikamwambia kiti nakiheshimu, mkaaji ndiye ananipa tabu. Maana kompyuta tupu haina sauti. Haiwezi kupiga tarumbeta wala kusema hongera mpaka mtu awe ameitia chombo cha sauti. Na mtu akiweka mchezo wa karata, chombo cha sauti huingia nao chenyewe. Programu ya kumsomea Lorne itasomaje bila sauti? Nikalifungua lile pishi. Viungo vyote vimetajwa, sauti haimo. Ndiyo chumvi yetu hiyo, iko kabatini kwa Gordon, haijaandikwa. Nikamshika Lorne mkono, nikamwambia, "Vua koti, mzee, tunapika tena." Nikaongeza mstari mmoja, nikabonyeza.)

Naona Katibu anagusa pishi la Mwenyekiti bila kibali cha Kamati. Utaratibu unataka pendekezo, mjadala, kipindi cha maoni ya wadau, na… (Ukumbi wote: "Mwache apike!") Basi nampa kibali kwa mamlaka niliyonayo, na naomba iandikwe kwamba marekebisho haya yamefanyika chini ya uongozi wangu.

(Imeandikwa. Lakini kupika kwenye kompyuta ndogo ya Lorne kungechukua muda, na saa kumi klabu wanataka ukumbi wao. Nikamfanyia Mwenyekiti ishara aendelee kuzungumza. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Ghala, mtu alimwomba Gordon Hryniuk arefushe.)

Kwa kuwa wananchi wamedai niendelee, nitaendelea! Nitagusia kwanza historia ya kuchaguliwa kwangu, kisha maono yangu ya muda wa kati, kisha maono ya muda mrefu, ambayo yanafanana na ya muda wa kati lakini yanachelewa zaidi. (Aliyagusia yote. Watu walikula pierogi zikaisha. Mtu alisinzia, akaamka, akakuta bado ni maono ya muda wa kati. Kila mara Lorne alininong'oneza, "Vipi?" nami nikamwambia, "Inachemka." Alikuwa ameikumbatia ile fimbo kwa mikono yote miwili.) Katika kipindi changu ushiriki wa wadau umeongezeka kwa asilimia mia mbili, uwazi umeongezeka kwa asilimia ambayo siwezi kuitaja, na Jiko Kuu, naapa mbele yenu, litabaki alama ya uongozi wangu kwa vizazi na vizazi. Sasa nyanyukeni tuimbe kaulimbiu! Nikisema Ghala, mseme Safi! Ghala!

(Mtu mmoja: "Kahawa imekwisha?")

Nikisema Jiko, mseme Kuu! Jiko!

(Kimya. Na ndani ya ule ukimya, kompyuta ya Lorne iliacha kuchemka. Nikaangalia kioo. Limeiva. Kwenye mashine ile hapakuwa na maandishi yoyote ya kujaribia isipokuwa ile barua pepe ya Gordon yenye hotuba. Nikaifungua, nikasogea hadi ukurasa wa mwisho, nikamwekea Lorne kidole chake kwenye kitufe.)

Waheshimiwa, kwa kumalizia, niruhusuni nitoe shukrani zangu za dhati. Kwanza kabisa namshukuru mke wangu kipenzi, Marlene…

(Kompyuta ya Lorne, kwa sauti kavu isiyo na haya, ikamdaka: "Kwanza kabisa namshukuru mke wangu kipenzi Marlene. Fungua mabano. Usitaje kompyuta yake. Funga mabano." Kumbe naye ana mabano yake!)

Zima hiyo! Doreen! Hayo ni maelezo ya ndani ya ofisi!

(Sikuzima. Ikaendelea: "Nawashukuru mafundi wote waliojenga Jiko Kuu. Fungua mabano. Usitaje majina, hakuna. Wakitaka kuliona, sema liko matengenezoni. Rudisha kompyuta kabla Marlene hajatoka mazoezi ya kwaya kanisani. Funga mabano." Ukumbi uliangua kicheko. Watu walipiga meza, yule wa nyuma alilala sakafuni.)

Waheshimiwa, Jiko Kuu lipo kimkakati! Lipo kidhana! Liko katika hatua ya… Lorne, bwana, nakusihi.

(Lorne hakuwa akimsikia. Alikuwa ameinama, sikio karibu na mashine, machozi yanamshuka hadi ndevuni wala hayafuti. "Bonyeza tena, mstari wa mwisho," aliniambia. Nikamwambia abonyeze mwenyewe, kitufe si chake? Akabonyeza. Ikasema: "Asanteni kwa kunisikiliza. Fungua mabano. Tua hapa, inamisha kichwa, ngoja wasimame wapige makofi. Funga mabano." Gordon, kwa mazoea, akainamisha kichwa. Wakasimama. Wakapiga makofi, wamemgeukia Lorne.)