Bwawa Jeusi kama Wino

Jumatatu, 4 Novemba

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu. Mlango wangu! Walinzi wa Msitu wanataka insha ya kubuni kuhusu maumbile: ujifanye kiumbe wa msituni, useme anachokiona. Insha ya mshindi itasomwa redioni Jumapili baada ya ibada, watu wote wakiwa mezani. Mimi, Rabenandro, karani wa vizazi na vifo kwa miaka ishirini na sita. Nani wa kunishinda kuandika?

Mwalimu Hantasoa wa darasa la tano naye anashiriki. Huyo huingia msituni kila alfajiri na daftari lake na kofia ya ukindu. Aliniuliza kama nimewahi hata kuvuka geti la msitu. Nikamwambia kubuni ni kazi ya kichwa, si ya miguu. Akacheka. Kicheko kile sikukipenda.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemaliza! Nimeandikia ofisini, dirisha limefungwa kwa sababu ya inzi. Mimi ni babakoto, yule komba mkubwa anayeamsha kijiji kizima kwa wimbo wake. Nimeketi nyuma ya kilima cha mashariki, juu ya bwawa jeusi kama wino. Okidi nyeupe zinajitazama majini. Machozi yalinitoka.

Nikamsomea mke wangu, Vololona, akichambua mchele. Akasema si mbaya, ila mbona babakoto ametaja tarehe ya kuzaliwa, mahali, na majina ya wazazi wote wawili? Nimefuta jina la baba. Mengine yamebaki.

Alhamisi, 7 Novemba

Mwenyekiti wa waamuzi, Bwana Andriamasy, kaja ofisini. Kwanza aliomba radhi kwa wakubwa waliotangulia, kwa wadogo, kwa kuthubutu kufungua kinywa. Dakika kumi. Jasho likinitoka. Kisha akasema insha zilizobaki ni mbili: yangu na ya Hantasoa.

Mbili!

Halafu akasema ametembea msitu huu miaka arobaini na hajaliona bwawa langu. Mawazo ya mnyama ni ruhusa kuyabuni, lakini mahali lazima pawe pa kweli. Basi Jumamosi waamuzi watapanda kwenda kupaona. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama bwawa hilo lipo.

Hapo ndipo ningesema halipo. Neno moja tu. Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Lipo, mzee. Tena lina okidi."

Sijala. Vololona kapika kisamvu kwa nyama ya nguruwe, nami nakitazama tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimejiandikia ruhusa ya ugonjwa. Tumbo. Kweli linauma.

Jana jioni nilimuuliza shemeji yangu Zafy, anayeongoza wageni msituni, kama kuna maji nyuma ya kilima cha mashariki. Akasema kuna kijito. Akaniuliza nakitakia nini. Nikasema mapenzi ya maumbile. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi akivaa viatu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye kijito na sepetu ya ofisi. Kijito chenyewe chembamba kinapita katikati ya kuta mbili za mawe. Mungu kaniandalia! Nikakiziba. Mawe, matawi, udongo, majani ya migomba-mwitu, udongo tena. Ruba walininywa mpaka nikaacha kuwahesabu. Kufika saa tisa, maji yalikuwa kiunoni, na rangi yake, kwa tope lile, nyeusi. Kama wino! Nikazifunga kwa uzi okidi za Vololona, zile za barazani, kwenye matawi ya juu. Nikakaa kulitazama bwawa langu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Nimerudi kijijini, kuna kelele. Maji ya vitalu vya mpunga yamekatika. Miche ya akina mama wote inaanza kunyong'onyea, ikiwemo ya Hantasoa na ya mke wangu mwenyewe. Kumbe ni kijito kile kile. Sikujua! Nilikuwa nakijua kikishuka. Nani angekijua kikiwa juu?

Vololona kaniuliza nadhani ni nini. Nikasema ukame. Akatazama mawingu yaliyojaa upande wa mashariki, akanitazama mimi. Akauliza okidi zake ziko wapi. Nikasema mbuzi.

Nitalibomoa kesho mchana, waamuzi wakishaondoka. Miche haifi kwa usiku mmoja. Haifi. Sidhani kama inakufa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nitaandika taratibu.

Mvua ilianza alfajiri. Si manyunyu, mvua yenyewe. Nikatoka mbio niwatangulie waamuzi. Nilipofika juu, bwawa halikuwa bwawa tena. Lilikuwa ziwa. Maji yalifika ukingoni mwa boma langu la mawe na udongo, na boma lilikuwa likipumua. Naapa, likipumua. Udongo ukichuruzika katikati ya mawe.

Nikatazama chini. Kwenye mkondo mkavu, kati ya zile kuta mbili, kofia ya ukindu inapanda.

Hantasoa! Amekuja kutafuta maji yamekwenda wapi.

Naandika ukweli kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Sikupiga kelele mara moja. Nilifikiri: nikiita, atauliza nafanya nini hapa. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kupumua mara mbili, nikiona jiwe la kwanza likitoka mahali pake. Pumzi mbili. Zimenikaa kifuani mpaka sasa.

Kisha nikapayuka, "Mwalimu! Toka humo! Panda juu!" Na wakati huo huo babakoto wote wa kilima wakaanza kuimba. Ndani ya mvua! Sauti yangu ikamezwa kama punje. Yeye akasimama, akainua uso kuwasikiliza, akatoa daftari.

Nikateleza. Sijui kama niliruka au nilianguka. Nilishuka kwa makalio, miiba na matope, nikamfikia, nikamshika mkono. Akasema, "We Rabenandro, una wazimu?" Nikamwambia apande. Akanyoosha shingo, akaliona boma, akaelewa. Tukapanda ule ukuta kwa kucha. Mizizi inang'oka mikononi. Yeye yuko juu tayari, mimi mguu mmoja bado uko chini, boma likapasuka.

Mlio ule siusahau. Kiatu kilikwenda. Mguu ulikuwa unakwenda. Hantasoa akanishika ukosi wa shati kwa mikono miwili, huyo mwanamke mdogo hivyo, akavuta huku akinitukana matusi ambayo sikujua walimu wanayajua.

Waamuzi walitukuta tumelala kifudifudi. Bwana Andriamasy, Zafy aliyewaongoza, na mwamuzi wa pili aliyevaa koti la mvua. Bwawa hakuna. Kuna okidi zinaning'inia kwenye uzi mwekundu wa kushonea, na sepetu yenye maandishi MALI YA OFISI. Mara hii Bwana Andriamasy hakuomba radhi kwa mtu.

Akamuuliza Hantasoa kumetokea nini. Nikafumba macho. Akasema: "Huyu ndiye aliyeziba maji. Na huyu ndiye aliyeshuka kunitoa." Hakuongeza neno, hakupunguza.

Jumapili, 10 Novemba

Nusu ya vitalu vimesombwa. Nimehukumiwa na akina mama, si na ofisi, na hakuna rufaa: nipande upya, kila kitalu, wao wakisimamia. Leo baada ya ibada nilikuwa topeni mpaka magotini. Wananiita Babakoto. "Babakoto, mstari umepinda!" "Babakoto, imba basi!" Vololona ndiye anayecheka zaidi. Kisha akaniletea maji ya moto ya ukoko wa wali ninywe, akanifunga goti lililochubuka jana.

Redio iliyowekwa kwenye tuta la shamba ilisoma insha ya Hantasoa. Humo yeye ni jani moja tu la mti, linaloanguka siku nzima. Akina mama waligeuka wote kuisikiliza. Hata mimi. Ni nzuri, laana yake.

Jumatano, 13 Novemba

Walinzi wanataka insha ya Hantasoa iandikwe kwa rangi kwenye ubao mkubwa, isimamishwe getini wageni waisome. Na hapa kata nzima nani ana mwandiko mzuri? Hantasoa mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Alisema mtu apewe nafasi.

Nimeuandika ubao kwa rangi leo kutwa. Herufi zimetulia kama askari. Jina lake nimeliweka juu, pembeni, dogo, kwa rangi ya kijivu, maana yeye ni mnyenyekevu. Chini kabisa, katikati, kwa nyekundu, urefu wa kiganja: IMEANDIKWA NA RABENANDRO.

Si uongo. Nani ameiandika, kama si mimi?

Wanakuja kuusimamisha kesho saa tatu. Rangi hii hukauka kwa saa sita na haifutiki. Nimeuliza.